Ala Imfuate Mwanamuziki

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao cha wakazi wa kata kuhusu huduma za utamaduni na ustawi wa jamii. Yanachapishwa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumzie ala za muziki na vifaa vinavyowawezesha watu wenye ulemavu kupiga muziki. Najua wapo waliosoma ratiba wakajiuliza jambo hili limeingiaje katika kikao kilichokwisha kujadili visima, zahanati na barabara. Swali hilo ni la haki, na naomba nilijibu kabla sijaendelea.

Katika kata yetu muziki ni kazi. Hakuna harusi isiyo na matarumbeta au ngoma, hakuna maulidi yasiyo na dufu, hakuna ibada ya Jumapili isiyo na kinanda na kwaya, na hakuna mgeni wa Serikali anayepokelewa kimyakimya. Anayepiga ala hulipwa, hata kama malipo ni madogo. Zaidi ya malipo, hujulikana. Huitwa, hungojewa, na asipokuwapo huulizwa alipo. Mtu asiyekubaliwa kujifunza ala amekosa riziki, na amekosa pia nafasi ya kuhesabiwa miongoni mwa watu ambao shughuli haiendi bila wao. Ndiyo maana nasema kwamba suala la nani anaruhusiwa kushika ala ni suala la huduma kwa wananchi.

Wala si suala geni kwetu. Wazee mnaonisikiliza mnakumbuka mdundo wa ngoma uliotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Aliyeupiga ni marehemu Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyekuwa na uwezo wa kupiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja. Kwa miaka mingi taifa zima lilikaa kimya kusikiliza mikono ya mtu huyo kabla ya kusikiliza neno lolote la Serikali. Basi swali la iwapo mtu mwenye ulemavu anaweza kuwa mwanamuziki lilijibiwa zamani, tena na sisi wenyewe. Swali lililobaki ni kwa nini katika vikundi vyetu wengi bado wanarudishwa mlangoni.

Kazi tatu za kila ala

Maoni yangu ni kwamba tunaanza kuuliza upande usio sahihi. Tunaitazama ala kana kwamba iliumbwa pamoja na dunia, kisha tunamtazama mtu na kupima kama anaienea. Asipoienea, tunamwonea huruma na kumpa kazi nyingine. Lakini ala ni kitu kilichotengenezwa na fundi, na kilichotengenezwa na fundi hurekebishika.

Ili turekebishe, ni lazima kwanza tuelewe. Kila ala humtaka mpigaji afanye kazi tatu. Ya kwanza ni kuibeba, yaani kuishikilia mahali pake. Ya pili ni kuchagua sauti, iwe ya juu au ya chini. Ya tatu ni kuitoa sauti hiyo, kwa kupuliza, kupiga, kukwanyua au kusugua. Mara nyingi tunaziona kazi hizi kama kitu kimoja kwa sababu mwenye viungo vyote huzifanya kwa pamoja bila kufikiri. Tukizitenganisha, tunagundua kwamba mtu mwenye ulemavu kwa kawaida amekosa kazi moja tu kati ya hizo, au sehemu ya kazi moja.

Chukueni tarumbeta. Mkono wa kushoto huibeba. Vidole vya mkono wa kulia hubonyeza vibonyezo vitatu na, kwa kusaidiana na midomo, huchagua sauti. Pumzi huitoa sauti hiyo. Sasa niambieni, mtu mwenye mkono mmoja amekosa nini? Vibonyezo ni vitatu tu, na mkono mmoja unavitosha. Alichokosa ni mkono wa kubeba. Na kubeba ni kazi ambayo hata mti unaweza kuifanya. Stendi ya chuma yenye kishikizo kilichofungwa mpira ili kisikwaruze ala, iliyopimwa kimo cha mpigaji aliyeketi au aliyesimama, huifanya kazi hiyo bila kuchoka.

Nalisema hili kwa sababu mzazi mmoja wa kata hii alinieleza habari za kijana wake, ambaye hana mkono wa kushoto. Kijana alikwenda kujiunga na kikundi cha matarumbeta. Hakutukanwa wala kufukuzwa. Alipokelewa kwa upole, kisha akapewa kazi ya kubeba daftari la nyimbo. Akalibeba kwa muda, halafu akaacha kwenda. Waliompokea walikuwa watu wema waliokosa maarifa. Walidhani wanachokikosa ni mkono, kumbe walichokikosa ni stendi.

Ziko ala ngumu zaidi ya tarumbeta, na sitaki kuwaficha hilo. Kwenye saksafoni, mikono yote miwili huchagua sauti, na vibonye vyake ni zaidi ya 20. Stendi peke yake haisaidii. Mwaka 2000 profesa wa muziki wa Chuo Kikuu cha Nebraska kilichoko Kearney, nchini Marekani, aitwaye David Nabb, alipatwa na kiharusi kilichoulemaza upande wake wa kushoto. Fundi wa kutengeneza ala katika mji huo huo, Jeff Stelling, alimtengenezea saksafoni ya kupigwa kwa mkono wa kulia tu. Aliweka vibonye vinavyofanya kazi kama swichi ya taa ukutani: ukikigusa upande mmoja kinabaki kimefunga hata ukiondoa kidole, mpaka ukiguse upande wa pili. Hiyo ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa na ya muda mrefu. Lakini zingatieni kwamba jibu halikutoka kiwanda cha mbali. Lilitoka kwa fundi na mwanamuziki waliokaa mji mmoja, wakakutana, wakajaribu, wakakosea na kurudia.

Nchini Uingereza, mwaka 2011, ilianzishwa taasisi iitwayo OHMI kwa ajili ya jambo hilihili. Waanzilishi wake waliona kwamba karibu kila ala inayotumika katika okestra humtaka mpigaji awe na mikono miwili mizima, na kwamba mtoto mwenye mkono mmoja hufungiwa mlango wa muziki kabla hajaujaribu. Wakawaalika mafundi kushindana kubuni ala za mkono mmoja, kisha wakaweka utaratibu wa kuwakodisha wanafunzi ala hizo. Utaratibu huo una hekima ndani yake: mtoto hukua, na ala inayomfaa leo huenda isimfae baada ya miaka michache; akiirudisha, mwingine huitumia.

Majibu yaliyotoka mikononi mwa wenyewe

Ndugu zangu, tukisikia neno teknolojia tunafikiria kitu chenye umeme na bei kubwa. Naomba niwape mifano ya watu waliopata majibu kwa vitu vilivyokuwa karibu nao.

Mwaka 1965 kijana mmoja wa Birmingham, Tony Iommi, alipoteza ncha za vidole viwili kiwandani kwenye mashine ya kukandamiza bati. Alikuwa mpiga gitaa, na mkono uliojeruhiwa ndio uliokuwa ukizikandamiza nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaifinyanga iwe vikofia vya kuvaa vidoleni, akavifunika kwa ngozi ili visiteleze. Kisha akatafuta nyuzi nyembamba zaidi zisizohitaji nguvu nyingi. Kwa vikofia hivyo akawa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya Black Sabbath, iliyojulikana dunia nzima.

Felix Klieser, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1991 bila mikono, hupiga honi, ala ya shaba yenye bomba refu lililokunjwa mviringo. Ala yake hukaa juu ya stendi, naye huvibonyeza vibonyezo kwa vidole vya mguu wa kushoto. Anapiga na okestra kubwa. Hapo tena, kazi ya kubeba imechukuliwa na stendi, kazi ya kuchagua imehamia mguuni, na kazi ya kutoa sauti imebaki kwa mwenyewe.

Karibu zaidi na sisi, jijini Kinshasa, lilikuwapo kundi la Staff Benda Bilili. Wengi wa waimbaji na wapiga gitaa wake waliugua polio utotoni na kutembea kwa baiskeli za magurudumu matatu zilizoundwa kwa mikono. Walifanya mazoezi katika viwanja vya bustani ya wanyama ya jiji hilo. Kijana aliyekulia mitaani, Roger Landu, alijiunga nao akiwa na ala aliyoibuni mwenyewe, satongé: kopo la bati, kipande cha mti kilichopindwa, na uzi mmoja wa waya. Sauti ya kopo hilo ilisikika katika albamu yao ya mwaka 2009, na mwaka uliofuata filamu ya maisha yao ilionyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Sitaji habari hizi ili kusifu umaskini. Nataja ili tuone kwamba kiti, gurudumu na kopo ni sehemu ya ala, na kwamba mafundi wa kuvitengeneza tunao katika kila kijiji.

Wakati mwingine kinachorekebishwa ni muziki wenyewe. Mpiga piano wa Austria, Paul Wittgenstein, alipoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hakubadilisha piano, aliwaomba watunzi wamtungie muziki wa mkono wa kushoto. Mmoja wao alikuwa Mfaransa Maurice Ravel, na utunzi wake ulipigwa kwa mara ya kwanza jijini Vienna mwezi Januari 1932. Hadi leo wapiga piano wenye mikono miwili huupiga kwa mkono mmoja, kwa uzuri wake. Walimu wetu wa kwaya wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa kiwango chao: kupanga sehemu ya kinanda ili mkono mmoja ubebe wimbo, na sauti za chini zichukuliwe na mpigaji wa pili aliyeketi kando.

Kuhusu wasioona, kipo kitu ambacho wengi hawakijui. Maandishi ya nukta nundu huandika muziki pia. Louis Braille, Mfaransa aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto, alikuwa mpiga kinanda kanisani, na kitabu chake cha mwaka 1829 kilieleza namna ya kuandika maneno na muziki kwa nukta. Katika nukta sita za kila alama, nne za juu hueleza ni sauti gani, na mbili za chini hueleza idumu kwa muda gani. Ugumu wake ni kwamba mkono unaosoma hauwezi kupiga kwa wakati huohuo, kwa hiyo mpigaji hukariri kwanza. Pale ambapo nukta nundu hazipatikani, simu ya kawaida yenye uwezo wa kurekodi hutosha kuanzia. Mwalimu wa kwaya airekodi kila sauti peke yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, akitamka kwa do, re, mi kama ilivyo desturi yetu; mwanakwaya asiyeona atafika mazoezini akiwa ameshika sehemu yake kuliko wenye makaratasi.

Na kwa viziwi, sakafu ni ala. Evelyn Glennie, mpigaji wa ala za midundo kutoka Scotland, alipoteza sehemu kubwa ya usikivu akiwa msichana mdogo. Hupiga bila viatu, akipokea mtikisiko wa sauti kwa miguu na mwili. Mwaka 2012 aliongoza wapiga ngoma katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki jijini London. Sakafu ya saruji haipitishi mtikisiko kwa namna hiyo. Jukwaa la mbao lililoinuliwa kidogo hupitisha. Mbao tunazo na maseremala tunao.

Pale umeme unapohitajika

Wapo ndugu zetu ambao stendi na mbao haziwatoshi. Nazungumzia waliopooza mwili mkubwa, wenye mtindio wa ubongo, au waliobakiwa na mwendo mdogo tu ambao wanauamuru wenyewe. Kwao vifaa vya umeme vina maana kubwa.

Rick Allen, mpiga dramu wa bendi ya Def Leppard ya Uingereza, alipoteza mkono wa kushoto katika ajali ya gari tarehe 31 Desemba 1984. Alitengenezewa dramu za umeme zenye kanyagio za ziada, mguu wa kushoto ukafanya kazi ya mkono uliopotea, na mwaka 1986 akarudi jukwaani mbele ya umati mkubwa.

Clarence Adoo alikuwa mpiga tarumbeta nchini Uingereza. Ajali ya gari ya mwaka 1995 ilimwacha amepooza kuanzia mabegani kushuka chini. Mtunzi Rolf Gehlhaar alimbunia ala iitwayo Headspace: mwendo wa kichwa huchagua sauti kwenye kompyuta, na pumzi kupitia mrija huitoa. Tarumbeta iliondoka, lakini pumzi ya mpiga tarumbeta ikarudi kazini.

Kipo pia chombo kiitwacho Soundbeam, kinachotumika katika shule za watoto wenye ulemavu nchini Uingereza. Hutoa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, nayo hugonga mwili na kurudi, kama popo anavyojua penye ukuta gizani. Mtoto akisogeza mkono, au hata jicho la kiatu chake, umbali hubadilika na sauti hubadilika. Na iko programu iitwayo AUMI, iliyoanzishwa na mtunzi wa Marekani, marehemu Pauline Oliveros, pamoja na wenzake. Hutumia kamera ya kifaa kufuatilia mwendo mdogo, kwa mfano wa pua au kidevu, na kuugeuza kuwa sauti. Hutolewa bila malipo.

Hata hivyo, kabla hatujavutiwa na vyombo hivi, naomba tuyazingatie mambo matatu.

La kwanza ni umeme na matengenezo. Kifaa kinachotegemea umeme hunyamaza umeme ukikatika, na kifaa kisicho na fundi wa karibu huwa pambo la kabati baada ya hitilafu ya kwanza. Mfadhili akija na zawadi ya namna hiyo, tumshukuru, kisha tumuulize: ni nani atakayetufundisha kukitumia, vipuri vinapatikana wapi, na betri yake hudumu saa ngapi?

La pili ni uhuru wa kukosea. Vipo vifaa ambavyo mtu akibonyeza kitufe kimoja, wimbo mzima uliorekodiwa hutoka. Hicho si ala, ni redio. Ala ya kweli humwezesha mpigaji kupiga vibaya leo na vizuri kesho, kwa sababu pasipo uwezekano wa kukosea hapana kujifunza. Mtu mwenye ulemavu hahitaji kushangiliwa kwa kubonyeza. Anahitaji kurekebishwa na mwalimu kama wenzake, na kuambiwa ukweli pale alipotoka nje ya mdundo.

La tatu ni kwamba mwenyewe aulizwe kwanza. Fundi asipime ala pasipo mpigaji. Mtu huyo ndiye anayejua ni mwendo upi wa mwili wake unaomtii kila siku, upi unamchosha baada ya dakika chache, na upi unamletea maumivu usiku. Tuanze na mwendo mmoja wa uhakika, hata uwe mdogo, kisha tuijenge ala kuanzia hapo.

Nini kifanyike katika kata yetu

Sikuja na ahadi ya Halmashauri kununua vyombo vya umeme, na sitapenda mtu atoke hapa akidhani nimeahidi. Nimekuja kuwaeleza njia zilizopo, ambazo ziko wazi na hazitumiki.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inalinda haki zao katika nchi yetu. Tanzania pia iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 30 ya mkataba huo inahusu utamaduni, na inataka vipaji vya watu hawa vikuzwe, kwa faida yao na kwa kuitajirisha jamii nzima. Kwa maneno mengine, kijana yule anapobaki nyumbani, hasara si yake peke yake; kikundi cha matarumbeta nacho kimepoteza mpigaji.

Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mahitaji ya wananchi huanzia. Anayehitaji njia ya mteremko ya kufikia jukwaa la ukumbi, au jukwaa la mbao, au stendi za ala kwa shule ya msingi, aliseme huko ili liandikwe kwenye muhtasari. Hoja iliyoandikwa hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kutoka huko huingia katika mapendekezo yanayofika Halmashauri. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo; hoja inayokuja Juni imechelewa. Kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji nayo ina wajibu wa kuisukuma.

Kuhusu mitaji, mnajua kwamba Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Maombi mengi tunayoyazoea ni ya ufugaji, ushonaji na biashara ndogo. Muziki wa sherehe nao ni biashara, wenye wateja wanaojulikana na msimu unaojulikana. Wanamuziki wenye ulemavu wakiandaa andiko lao vizuri, wakionyesha shughuli wanazoalikwa na namna watakavyorejesha, wanayo haki ya kusikilizwa. Nasisitiza kurejesha, kwa kuwa ni mkopo na si zawadi, na fedha inayorudi ndiyo itakayomfikia mwingine. Masharti yaliyopo yataelezwa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata bila malipo yoyote.

Kwa mafundi wetu wa kuchomelea na maseremala, nina ombi. Stendi ya tarumbeta ni nondo, bomba, skrubu mbili za kupandisha na kushusha, na kipande cha mpira wa tairi. Meza ya ngoma ya mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu ni meza yenye nafasi ya magoti kuingia chini yake. Mkanda wa kufunga manyanga kwenye kifundo cha mkono wa mtu asiyeweza kukunja vidole ni ngozi na kifungo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachowashinda ninyi mnaotengeneza majembe ya kukokotwa na milango ya madirisha mawili. Kinachohitajika ni kumpima mpigaji, kama fundi cherehani anavyompima mteja.

Kwa viongozi wa vikundi na kwaya, ombi langu ni dogo zaidi. Atakapokuja mtu mwenye ulemavu kuomba kujiunga, msimjibu siku hiyohiyo. Mwekeeni ala mbele yake na mjiulize maswali matatu: ni nini kitakachoibeba, ni nini kitakachochagua sauti, na ni nini kitakachoitoa? Mkipata majibu mawili kati ya hayo, mmebakiwa na kazi moja tu, na kazi hiyo mpelekeeni fundi. Mkikwama, Afisa Utamaduni na Afisa Ustawi wa Jamii wapo, na ni wajibu wao kukaa nanyi.

Na kwa wazazi, msiwafiche watoto. Mtoto anayegonga sufuria kwa kijiko siku nzima hasumbui nyumba. Anawaonyesha mwendo wa mwili wake unaomtii.

Mheshimiwa Diwani, kabla sijaketi, napendekeza jambo moja liingie katika kumbukumbu za kikao hiki. Kila kijiji kiorodheshe ala zake za umma, yaani za shule na za vikundi vilivyosajiliwa, na mbele ya kila ala iandikwe kama kuna mtu mwenye ulemavu anayetaka kuipiga na ni kitu gani kinamzuia. Orodha hiyo iwasilishwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya maandalizi ya bajeti ijayo. Nina hakika tutaona kwamba vizuizi vingi vilivyoandikwa humo ni vitu ambavyo fundi wa kijijini anaweza kuvimaliza kwa siku moja, na vichache vilivyobaki tutavijadili hapa tukiwa tunajua tunachokijadili.

Sasa nipo tayari kupokea maswali na, zaidi ya maswali, majina ya mafundi.